Nani Aliyeifungia Sandukuni Miwani ya Mtoto?



 



Leo tuna neno na wazazi, na tuna neno zaidi na walimu wenzetu wa vyuo. Wapo watakaosema Maalim ameishiwa, ameacha twahara na swala, sasa anatufunza miwani. Na waseme. Jambo hili limetufika shingoni na hatuwezi tena kulinyamazia.

Miezi mitatu iliyopita alirudi hapa Kudhaa mama mmoja kutoka Mombasa, amempakata binti yake wa miezi tisa. Mtoto alikuwa na miwani usoni. Fremu ya plastiki laini, vioo vinene kama kitako cha gilasi, na mpira umezunguka kisogoni ili isidondoke. Mama yule hajatua hata mzigo wake, maneno yashaanza. Mmoja akacheka: "Jamani, mwamuona bibi kizee huyu!" Mwingine akauliza: "Kwani atasoma gazeti?" Na mtu mzima mwenye heshima zake akamvuta pembeni akamwambia: "Mwanangu, mvue hiyo, watamtia jicho." Siku ya tatu miwani haikuwapo tena usoni mwa mtoto. Ilikuwa sandukuni, imefungwa ndani ya leso.

Sanduku lile sisi tunalijua. Si mara ya kwanza kuwekwa miwani ya mtoto ndani yake, na mara ya kwanza waliotoa rai iwekwe ni sisi wenyewe.

MTOTO WA KWANZA

Mama huyu ana mtoto mwingine, wa kiume, ambaye sasa ana miaka tisa. Alizaliwa na weupe ndani ya mboni za macho yote mawili. Ule ni mtoto wa jicho. Wengi wetu twadhani ni maradhi ya wazee peke yao, kumbe mtu huweza kuzaliwa nayo. Wakampeleka Mombasa, akapasuliwa macho yote mawili kabla hajatimiza mwaka, akapewa miwani, wakarudi. Kila akivishwa huivua. Akivishwa tena hulia, huitupa mchangani. Mamake akachoka. Akaja kutuuliza, maana hapa kwetu mtu akikwama huja kwa Maalim, iwe ni talaka, iwe ni ndoto, iwe ni homa. Tukamjibu bila ya kufikiri hata kidogo: "Mtoto mdogo huyo, mwacheni akue kwanza. Miwani ataivaa akianza chuo." Tukaendelea na chai yetu.

Alipofika miaka sita akaletwa chuoni. Anayejua lohi anajua kwamba be, te na the ni umbo moja. Zinazozitenganisha ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Mtoto yule kila siku be kwake ni te, na te kwake ni the. Alikuwa akikisia. Alikuwa akiinamia lohi mpaka pua yake inatoka na wino. Sisi tukaona ni ukaidi na mchezo, tukampiga. Na hatukumpiga siku moja. Hakuwa mtoto wa kulia. Akipigwa alikuwa akisogeza uso karibu zaidi na lohi, na hilo nalo tukaliona ni kiburi.

Mpaka siku ile mamake alipokuja mlangoni mwa chuo akasimama mbele ya wanafunzi wote. "Maalim, mwampigia nini mwanangu, na macho yake mwayajua? Si nyinyi mlonambia ningoje?" Akafungua leso, akaitoa ile miwani akatutia mkononi. Ilienea yote katika kiganja na nafasi ikabaki. Haikuweza hata kuyafikia masikio ya mtoto. Miaka mitano ilikuwa imelala sandukuni na haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Alirudishwa kwa daktari, akapimwa upya, akapewa miwani nyingine. Anaona afadhali, alhamdulillah. Lakini daktari alimwambia mamake ukweli: miaka ile ambayo mtoto alitakiwa kujifunza kuona imepita, na kilichokosekana hakirudi chote. Haya ndiyo tuliyoyafanya kwa neno moja lililosemwa huku tukinywa chai.

JICHO HUFUNDISHWA

Neno "angali mdogo" ndilo adui mkubwa katika jambo hili, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Mtoto hazaliwi akiwa anajua kuona kama anavyozaliwa anajua kunyonya. Macho hupokea nuru, na ubongo ndio unaojifunza kuisoma. Masomo hayo huanza siku za mwanzo kabisa na huenda kwa kasi sana katika miezi na miaka ya mwanzo. Ikiwa kinachofika kwenye ubongo wakati huo ni ukungu mtupu, ubongo hujifunza ukungu. Ikiwa jicho moja laona vizuri na jingine haloni vizuri, ubongo huchukua la lile zima na kulipuuza la pili, mpaka lile la pili linakuwa kama halipo, ingawa ukilitazama kwa nje ni zima kabisa. Madaktari huliita jicho vivu. Likishakomaa katika uvivu wake, hata ukimletea mtu miwani ya aina gani akiwa baleghe, haitomfungulia kilichofungwa utotoni. Kadiri mtoto anavyovuka umri wa miaka saba au minane ndivyo kazi ya kulirudisha inavyozidi kuwa ngumu.

Kwa hiyo anayesema "mngojeni akue" anasema mngojeni mpaka darsa imalizike ndipo mumpeleke darasani!

Na mtoto aliyepasuliwa mtoto wa jicho hali yake ni kubwa zaidi. Katika jicho la kila mmoja wetu mna kioo cha asili alichokiumba Allah, ambacho hukusanya nuru. Mtoto wa jicho ni kioo hicho kuwa kizito na cheupe. Daktari hukitoa. Watoto wachanga wengi hawatiwi kioo cha bandia papo hapo, kwa sababu jicho lao lingali linakua. Basi jicho linabaki tupu, nuru yaingia lakini hakuna cha kuikusanya. Miwani ile mnayoicheka ndiyo kioo cha jicho lake, kimewekwa nje badala ya ndani. Kumpasua mtoto kisha kumnyima miwani ni kuunda dau, kulishusha majini, na kuliacha bila ya tanga.

Wapo pia watoto ambao hawakupasuliwa kitu, lakini macho yao yana upungufu mkubwa wa kuona au yana makengeza. Katika baadhi yao miwani peke yake ndiyo inayoyanyoosha macho. Wao nao huvishwa wakiwa wachanga.

Watu wanauliza: daktari ampimaje mtoto ambaye hawezi kusema "naona" au "sioni"? Hamuulizi. Humtia matone ya kupanua mboni, kisha hupitisha mwanga machoni mwake na kutazama jinsi unavyorudi, akibadilisha vioo kimoja baada ya kimoja mpaka apate kile kinachofaa. Jicho lenyewe ndilo linalomjibu. Jambo hili la nuru kutoka kwenye kitu na kuingia jichoni alilifafanua Muislamu, Ibn al-Haytham wa Basra, aliyezaliwa karibu na mwaka 965, katika kitabu chake Kitab al-Manazir. Na wakati wake huko huko Misri alikuwapo Ammar bin Ali al-Mawsili, tabibu wa macho, aliyeandika jinsi ya kuufyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Wao walikuwa wakishika macho ya watu kwa elimu, na sisi miaka elfu moja baadaye twashika leso na kufunga miwani.

Tena tuwaulize wapiga mbizi wa kamba, na kisiwa hiki kinawajua. Mtu akifungua macho chini ya maji bila ya kitu huona nini? Ukungu, umbo bila ya mpaka. Akivaa miwani yake ya kuzamia, jabali analiona, pango analiona, na sharubu za kamba anaziona. Mumepata kumcheka? Mumepata kumwambia miwani itamharibu macho, itamzoesha vibaya, aivue azame hivyo hivyo? Anaivaa kwa sababu riziki iko chini. Mtoto aliyetolewa kioo cha jicho anaishi katika maji yale mchana kutwa, na uso wa mamake ndio kamba anayemtafuta.

WANAYOYASEMA

Tumeyasikia mengi miezi hii mitatu. Mengine hayastahiki jawabu, lakini haya lazima yajibiwe.

Wanasema ni qadari ya Allah, na mama asubiri. Tunaamini qadari, kheri yake na shari yake. Lakini Mtume wetu (S.A.W) aliwaamrisha waja wa Allah wajitibu, akaeleza kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo iko kwa Abu Daud na Tirmidhi na nyote mumeisikia. Wako wanaotutajia Abdullah bin Ummi Maktum (R.A), kwamba alikuwa kipofu na Allah akamteremshia Surat Abasa, akawa muadhini wa Mtume. Ni kweli, na hakuna aibu katika upofu. Lakini nani aliyewaambia kisa hicho ni ruhusa ya kumpofua mtoto kwa uvivu? Nahodha yeyote wa hapa humtegemea Mola wake, na bado hutia nanga.

Wanasema uso wa mtoto, khasa wa kike, usitiwe kitu cha kuubadilisha. Hebu someni kisa cha Arfaja bin As'ad (R.A). Alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (S.A.W) akamuamuru atumie pua ya dhahabu. Dhahabu, ndugu zetu, ambayo kwa mwanamume ni haramu kuivaa! Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Ikiwa mtu mzima aliruhusiwa pua ya dhahabu, mtoto mchanga anyimwe plastiki?

Na hilo la "nani atamposa" twaomba radhi kulijibu, lakini limesemwa na wanawake wenzake mama huyu, tena mtoto hajaota hata meno yote. Atakayemposa mwenye akili atamposa mke anayeona.

Wanasema jicho la hasidi. Jicho ni haki, hatukanushi. Mtume (S.A.W) alikuwa akiwasomea wajukuu zake Hasan na Husein kinga, na kinga hiyo imepokewa katika Bukhari. Basi msomeeni mtoto asubuhi na jioni, kisha mvisheni miwani. Sisi tulimkuta mtoto huyu amefungiwa hirizi kwenye ule mpira wa miwani. Miwani imevuliwa kwa kuogopa jicho, hirizi imebaki mkononi! Tuliikata kwa mkono wetu.

Wanasema zile hospitali ni za makanisa. Baadhi ni kweli, hospitali zenye sifa ya macho ya watoto katika Afrika ya Mashariki zimeanzishwa na Wakristo, kama KCMC ya Moshi na ile ya Kikuyu karibu na Nairobi. Na kiongozi wa njia aliyemuongoza Mtume (S.A.W) na Abubakar (R.A) katika Hijra alikuwa nani? Abdullah bin Urayqit, na siku ile alikuwa bado katika dini ya makureshi. Walimuajiri kwa ujuzi wake na uaminifu wake wakampa ngamia wao wawili. Mwenye kuona vibaya mtoto wa Kiislamu kutibiwa huko, ajenge hospitali, sisi tutabeba mawe.

Na wanja. Hapa tutasema kwa adabu, maana ithmid imetajwa katika Sunna na hatuitii ila. Lakini wanja unaouzwa madukani leo si lazima uwe ithmid. Katika nchi nyingi umepimwa ukakutwa na risasi ndani yake, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Mtoto aliyepasuliwa jicho hatiwi wanja, hatiwi asali, hakamuliwi maziwa ya mama, wala matone ya jirani. Anatiwa alichoandika daktari.

Lililotuudhi kuliko yote ni kumtafutia mama makosa. Alipita makaburini, alikula hiki, alimcheka kipofu. Muogopeni Allah! Mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao mara nyingine hurithiwa, ndiyo maana katika nyumba moja mkaona ndugu wawili. Mara nyingine hutokana na mama kupatwa na rubela akiwa na mimba changa, ugonjwa unaofanana na surua nyepesi na ambao yeye mwenyewe huenda asiujue. Chanjo yake ipo. Tanzania waliianza kwa watoto mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016, pamoja na ile ya surua. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Makaburi hayamo.

MIEZI MITATU YA MAMA HUYU

Tulikwenda nyumbani kwao. Mwenye kosa huenda kwa miguu yake. Tulikaa na baba, bibi na mama, tukasema mbele yao kwamba neno letu la miaka minane iliyopita lilikuwa kosa na tunalifuta. Bibi akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Maalim, mimi ndiye niliyeifunga kwenye leso. Zote mbili." Tukamwambia, "Mama, wewe uliifunga kwa sababu sisi tulisema." Akainuka akaenda kuitoa.

Tunayoyaandika hapa ni yale mama aliyofundishwa na daktari na yale aliyoyapata kwa kujaribu, ili mwenye mtoto kama huyu asianze gizani.

Siku za mwanzo alimvisha mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, hakumvisha akiwa na njaa au usingizi. Hakumvisha na kumuacha atazame ukuta. Alimvisha kisha akaweka uso wake mwenyewe karibu, akacheka naye, akamuimbia. Au alimvisha na papo hapo akampa kitu cha kupenda, kijiko kinachong'aa, ufunguo, kuku anayepita. Mtoto agundue mwenyewe kwamba kitu kile kikikaa usoni dunia hujitokeza. Vioo vya mtoto aliyepasuliwa akiwa mchanga aghalabu hutengenezwa kwa ajili ya kuona karibu, kwa sababu dunia ya umri ule ni urefu wa mkono wa mama. Kwa hiyo mwekee vitu karibu, usimuoneshe mashua iliyo baharini ukashangaa hageuki.

Akiivua, na ataivua, hakuna kelele wala kupigana naye. Usimchape mkono. Usicheke pia, maana akijua kuivua ni mchezo ataicheza siku nzima. Mama huyu alikuwa akiichukua, anaifuta, anangoja dakika kidogo mtoto atulie, kisha anamrudishia kwa mikono yote miwili huku akimzungumzisha jambo jingine. Siku ya kwanza alikaa nayo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Siku ya nne karibu saa nzima kwa vipande vipande. Wiki ya pili akawa akiamka hutafuta kwa mkono. Lengo ni wakati wote alio macho, ukiondoa kulala na kuoga.

Na hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa: mama anavisha, bibi anavua. Mama anavisha, shangazi anasema "maskini, mpumzishe." Mtoto wa miezi kumi ana akili, hujua mlango upi uko wazi. Nyumba yote iwe na neno moja, na baba asikae pembeni akaona haya ni mambo ya wanawake. Baba wa mtoto huyu ni mvuvi. Siku asizokwenda baharini yeye ndiye mwenye zamu.

Tazama nyuma ya masikio na juu ya pua kila jioni. Ukiona wekundu au kidonda, fremu inabana au mpira umekazwa mno, na mtoto hakatai miwani bali anakataa maumivu. Wiki mbili tatu zikipita na bado anakataa kabisa, au anachungulia juu ya vioo badala ya kupitia ndani yake, usimlazimishe wala usikate tamaa. Rudi kwa aliyepima, huenda kipimo au fremu si yake. Na hata kama yote ni sawa, kichwa cha mtoto hukua haraka na kipimo cha jicho hubadilika, kwa hiyo tarehe ya kurudi aliyoandika daktari iheshimiwe kama deni. Daktari akiamuru jicho lililo zima lifungwe kwa saa kadhaa ili lile vivu lifanye kazi, lifungwe kwa saa hizo hizo. Msiongeze kwa bidii wala msipunguze kwa huruma.

Sisi watu wa pwani tuna shida yetu: chumvi na mchanga. Rashi ya bahari ikikauka juu ya kioo, ukaisugua kwa kanga, umekwaruza. Osha kwa maji baridi, yale ya kunywa, na sabuni kidogo, kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi. Maji ya kunywa visiwani ni ya thamani, tunajua. Kikombe kimoja kwa siku kinatosha.

WAZAZI TAZAMENI MBONI

Hili halingoji. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au ukimpiga picha kwa simu yenye mwanga jicho moja likatoka jekundu na jingine likatoka jeupe, safiri. Huenda ni mtoto wa jicho, na madaktari hupenda kuupasua katika wiki za mwanzo za uhai ukiwa mzito. Huenda pia ni saratani ya jicho ya watoto, ambayo ikicheleweshwa huua. Mtoto aliyepita miezi minne na macho yake hayajatulia, yanacheza cheza au jicho limekwenda upande wakati wote, naye apelekwe. Huko Moshi watafiti wa KCMC walichunguza jambo hili na matokeo yakachapishwa mwaka 2005: watoto wengi wenye mtoto wa jicho huletwa hospitali wamechelewa sana baada ya wazazi wenyewe kuona tatizo. Walikuwa wameona, na wakangoja.

Tunajua si rahisi. Kudhaa haina daktari wa macho. Tangu mwaka 1991 watu wa visiwa hivi wametawanyika, na mwaka 2014 vita vimepiganwa papa hapa kisiwani. Safari ya kwenda Mombasa ni nauli, ni njia yenye hatari, ni siku nyingi nje ya nyumba. Mama huyu aliuza bangili zake. Mwaka huo huo kisiwani tumechangisha harusi ya siku tatu na hakuna aliyesema hapana, na sisi tulikula pilau hiyo. Fukara aliyeshindwa na nauli ya kumponya mwanawe ni katika wanaostahiki zaka kwa ufukara wake, hilo halina haja ya kumuandikia mufti barua.

Ndugu zetu mlioko Uingereza na Marekani, Allah awalipe kheri kwa mnayotuma. Lakini ule mfuko wa miwani mikukuu mliokusanya msikitini kwenu usigaiwe watoto wetu kama mitumba ya nguo. Kila kioo kilikatwa kwa jicho la mtu fulani. Tumia pesa ile ya kuusafirisha mfuko iwe nauli ya mama mmoja.

Na walimu wenzetu, mtoto anayeinamia lohi mpeleke uani kwenye mwanga, mwekee kidole mbele ya macho, muulize anaona vingapi. Fimbo iwekeni chini kwanza.

Binti yule sasa ana mwaka mmoja. Juzi tulipita kwao baada ya alasiri, alikuwa amekaa mkekani anaokota punje za mchele moja moja kwa vidole viwili na kuzitia katika sufuria tupu. Anayemvisha miwani asubuhi ni kakake, kabla hajaja chuoni. Humpulizia vioo, huvifuta kwa ncha ya kikoi chake ingawa tumemkataza, humvisha, kisha huchukua lohi yake na kuja. Lohi hiyo siku hizi tunamuandikia sisi wenyewe kwa kalamu nene, na nukta tunaziweka mbali mbali. Amefika Surat Abasa.

Wassalaamu 'alaykum warahmatullahi wabarakatuh.